Mstari wa Pili Ulikuwa Mtupu: Mafunzo Niliyopata kwa Kware na Katuni

Oktoba 2013 niliandika mpango wa biashara wa kurasa nne kwa niaba ya chama chetu cha watu 14, hapa karibu na Port Victoria, Budalang'i, magharibi mwa Kenya. Niliuandika kwa mkono, mistari nikaipiga kwa rula, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha pili katika somo la Biashara. Ukurasa wa kwanza ulitaja tutakachonunua: kware 80 waliokwisha kuanza kutaga, mashine ya kutotolesha vifaranga, matundu na chakula. Ukurasa wa pili na wa tatu ulieleza namna ya kuwalisha na zamu za kuwafanyia usafi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa faida: mayai 50 kwa siku, shilingi 50 kila yai, shilingi 75,000 kwa mwezi. Niliusoma kwa sauti chini ya mwembe wa mwenyekiti na watu wakapiga makofi. Katika kurasa zote nne hakuna mahali nilipoandika ni nani atakayeyala mayai hayo.

Miaka miwili baadaye, likizo ya Desemba, mpwa wangu alirudi kutoka chuo kikuu na kompyuta iliyojaa katuni za Marekani. Jioni moja alinifungulia kipindi kimoja cha dakika ishirini na kidogo. Humo ndani niliuona mpango wangu, pamoja na kosa lake, umechorwa na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Budalang'i. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama katuni za aina hiyo nikiwa na daftari mkononi. Haya ndiyo niliyojifunza, kwanza kwa hasara, kisha kwa kutazama.

1. Anza kusoma mpango kwenye mstari wa katikati

Kipindi chenyewe ni South Park cha Trey Parker na Matt Stone, na sehemu niliyoiona ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 16 Desemba 1998. Niseme mapema kwamba lugha yake ni chafu na si ya kuwekewa watoto. Lakini kisa chake kilinikamata. Vijitu wafupi wenye kofia zilizochongoka wanaingia vyumbani usiku na kuiba chupi. Watoto wanawafuata hadi kwenye mapango yao chini ya ardhi na kukuta milima ya chupi. Wanauliza: zote hizi za nini? Vijitu wanawaonyesha ubao wenye hatua tatu. Hatua ya kwanza, kukusanya chupi. Hatua ya tatu, faida. Hatua ya pili imeandikwa alama ya kuuliza tu. Kijitu mmoja akiulizwa hatua hiyo ya pili ni ipi, anamgeukia mwenzake, na mwenzake naye hajui.

Mpwa wangu alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi nilimwomba arudishe nyuma nione ule ubao tena, halafu nikaenda kwenye sanduku la vyeti nikautoa ule mpango wa kurasa nne. Nikauweka mezani kando ya kompyuta. Kijana akausoma, akanyamaza.

Hatua ya kwanza ni nyepesi kwa sababu inataka pesa na nguvu tu, na vyote viwili mtu huweza kuvikopa. Hatua ya tatu ni nyepesi kwa sababu ni hesabu ya kuzidisha. Ya katikati ndiyo nzito, maana inakutaka uwajue watu wengine: nani atanunua, anaishi wapi, leo ananunua nini badala ya bidhaa yako, na kwa nini aache alichokizoea. Mambo hayo huwezi kuyapata ukiwa umekaa chini ya mwembe. Yanataka miguu na siku nyingi sokoni. Kwa hiyo wengi wetu tunauruka mstari huo, na kwa kuwa karatasi ina mistari mingine iliyojaa vizuri, jicho halioni pengo.

Paul Cantor, aliyekuwa profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Virginia, aliwahi kuandika insha akitetea biashara kwa kutumia vijitu hawa. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba watu wengi hawaielewi kazi anayoifanya mfanyabiashara, ndiyo maana faida huonekana machoni mwao kama wizi wa usiku. Nakubaliana naye nusu. Ni kweli kwamba hatua ya pili ni kazi, tena ya heshima. Lakini yeye aliutazama ubao ule akiwa upande wa mwenye duka. Ukiutazama kutoka kwenye chama cha kijijini unaona jambo jingine: kutojua kwetu hatua ya pili ni bidhaa. Kuna watu wanaoishi kwa kuiuza.

2. Muulize mnunuzi wako naye anamuuzia nani

Watu wa huku walimjua kware tangu zamani. Wazee walimnasa porini kwa matundu ya kusuka yaliyotundikwa juu ya mti mrefu, ndege aliye ndani akiwaita wenzake alfajiri hadi waingie mitegoni. Jirani zetu Waluo wanamwita aluru. Ndege huyo alikuwa kitoweo, na hakuna aliyemfikiria kuwa mtaji.

Kware wa mwaka 2013 alikuwa mwingine, kware wa Japani, ndege mdogo anayeanza kutaga akiwa na wiki sita au saba na ambaye mayai yake huanguliwa kwa siku 17 au 18. Kisheria alihesabiwa miongoni mwa wanyamapori, kwa hiyo mfugaji alitakiwa kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kibali hicho kilituvuruga akili kuliko tangazo lolote. Tuliona kwamba kama serikali inatoa karatasi kwa ndege huyu, basi lazima ndege ana maana. Hatukufikiria kwamba kibali cha kufuga hakisemi lolote kuhusu soko.

Kisha zikaja sifa za tiba. Mayai yanashusha presha, yanatibu kisukari, yanaondoa pumu, yanarudisha nguvu za mwili. Yai la kware lina uzito wa gramu kama 10, na la kuku gramu 50 na zaidi. Kwa hiyo mlaji aliyenunua mayai matano ya kware kwa shilingi 50 kila moja alikuwa akilipa shilingi 250 kwa chakula kinacholingana na yai moja la kuku. Mtu hulipa bei ya namna hiyo akiogopa ugonjwa, na hofu hiyo ikipungua, au jirani akisema alikunywa mayai mabichi miezi mitatu na sukari haijashuka, bei haina nguzo tena.

Muuzaji wetu alikuja kwa pikipiki, mwenye adabu, akiita kila mwanamke mama na kila mzee baba. Alituuzia kware kwa shilingi 450 mmoja na akaahidi kwamba mayai yote atayanunua mwenyewe. Mwezi wa Desemba alitimiza ahadi. Alinunua mayai 300 kwa shilingi 40 kila moja, akatuma shilingi 12,000 kwenye simu ya mweka hazina tukimtazama. Siku hiyo watu wanne kutoka vijiji vya jirani waliomba kujiunga na chama.

Mwezi wa Februari 2014 simu yake haikupatikana. Katika soko la Busia yai la kware likashuka hadi shilingi 10, kisha 5. Hata kwa bei hiyo, kijana anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari kando ya stendi aliniambia hayataki, kwa sababu mteja wake akishika kiyai kile anaona amepunjwa.

Baadaye nilijua mayai yetu 300 yalikwenda wapi. Hakuna mgonjwa aliyeyala. Yaliuzwa kwa kikundi kingine kama mayai ya kutotolesha. Mnunuzi wetu pekee alikuwa mtu aliyehitaji watu zaidi wa kufanana na sisi.

Hesabu yake niliiweka ubaoni shuleni mwaka uliofuata. Tuseme mfugaji mmoja anawauzia ndege watu watano, na kila mmoja wa hao, baada ya miezi miwili, anawauzia wengine watano. Mizunguko sita ni mwaka mmoja: 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625. Mzunguko wa saba unaleta wafugaji wapya 78,125. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 85,977 katika kaunti ndogo yetu ya Bunyala nzima, wakiwemo watoto wachanga. Wanafunzi walipouona mzunguko wa saba darasa lilikaa kimya, kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, sasa nani atakula?" Swali hilo alilipata kwa dakika kumi. Mimi lilinigharimu shilingi 80,000 za watu 14.

Nchi hii ilikuwa imelipa karo ya somo hilohilo kabla yetu. Upatu wa piramidi ulipoanguka miaka ya 2006 na 2007, ulianguka kwa hesabu hii hii ya kuzidisha. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kiliripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Tofauti ni kwamba safari hii upatu ulikuwa na mabawa na chakula chake kilinunuliwa kwa gunia, ukaonekana kilimo.

3. Nenda ukauone mji wa kwanza

Katika katuni nyingine ya Marekani, The Simpsons, sehemu iliyoandikwa na Conan O'Brien na kuonyeshwa tarehe 14 Januari 1993, mji wa Springfield unapata dola milioni 3 za faini kutoka kwa tajiri aliyetupa taka za nyuklia, Bwana Burns. Mama wa familia, Marge, anapendekeza barabara kuu ya mji itengenezwe. Watu wako tayari kukubali. Anaingia mgeni, Lyle Lanley, na wazo la treni ya reli moja inayopita juu. Anaimba, ukumbi mzima unaimba naye, na barabara inasahaulika. Marge pekee ndiye anayesafiri hadi North Haverbrook, mji ambao mgeni yule alikwisha kuuuzia treni kama hiyo. Anakuta mji uliokufa, na watu wachache waliobaki hawataki hata kusikia neno treni.

Nilipoiona sehemu hiyo nilikumbuka Aprili 2014. Tulikuwa tumekwisha kuwachinja ndege wa mwisho. Muuzaji wetu alikuwa akitaja mara kwa mara kikundi kimoja upande wa Ugunja, kaunti ya Siaya, kwamba wao wamejenga nyumba kwa kware. Nilipanda matatu nikaenda. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na bodaboda ya ndani, ilikuwa shilingi 500.

Nililikuta boma la mwenyekiti wao bila shida. Matundu yalikuwa yamepangwa kando ya jiko, na ndani yake walikuwa wamelala kuku wa kienyeji. Mzee alinikaribisha kiti, akaagiza chai, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaingia ndani akatoka na karatasi. Ahadi zilikuwa zilezile, neno kwa neno, na tarehe ilikuwa ya miezi minne kabla ya yetu.

"Mwalimu," akaniambia, "mbona hamkuja mwezi wa tisa? Mngenikuta hapahapa."

"Baba, tuliambiwa nyinyi mmejenga."

Akanyosha mkono kuelekea jikoni, kwenye matundu yale. "Hiyo ndiyo nyumba."

Mzee huyo hakuwa na siri yoyote. Angetuambia kila kitu kwa kikombe cha chai. Kwa shilingi 500 tungeokoa 80,000, na mtu wa kutumwa tulikuwa naye: Jumamosi nilikuwa sina vipindi. Tangu wakati huo chama chetu kina sheria moja iliyoandikwa kwenye jalada la daftari, kwamba hakuna shilingi itakayotoka kabla ya watu wawili kulala usiku mmoja katika kijiji kilichotangulia. Kulala nimekuweka kwa makusudi. Mchana mgeni huonyeshwa mambo yaliyopangwa, na usiku, baada ya chakula, ndipo watu husema.

4. Pesa ya mama ni pesa

Mwaka 1998, katika kipindi hichohicho cha The Simpsons, baba wa familia, Homer, anagundua kwamba mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia yanauzwa. Anakaanga nyama ya nguruwe ya dola 27 na kupata mafuta ya senti 63. Mwanawe Bart anamwonyesha hasara. Baba anajibu kwamba nyama ilinunuliwa na mkewe. Mtoto anamkumbusha kwamba pesa za mama zinatoka kwa baba, lakini baba tayari ameridhika.

Niliporudia hesabu za kware, nilikuta jambo ambalo sikutaka kulikuta. Kila ndege alikula gramu kama 25 kwa siku, kwa hiyo ndege 80 walimaliza kilo mbili, na gunia la kilo 70 lilitosha siku 35. Chakula nilikuwa nimekiandika sawasawa. Kilichokosekana katika daftari langu kilikuwa akina mama wanne waliofanya usafi, waliochota maji na kugeuza mayai mashine ilipozimika. Stima ya Port Victoria ilikuwa ikikatika hata mara mbili kwa siku. Saa mbili kila mmoja, kila siku, kwa siku 150, ni saa 1,200. Wakati huo kibarua cha kupalilia mpunga katika skimu ya Bunyala kililipa shilingi 200 kwa siku ya saa sita. Saa zao zilikuwa na thamani ya shilingi 40,000, nusu ya mtaji wetu wote, na niliziandika sifuri kwa sababu walikuwa wake zetu na dada zetu. Wawili kati yao walikuwa wachuuzi wa omena, yaani dagaa. Asubuhi walizokuwa kwenye matundu hawakuwa ufukweni Marenga mitumbwi ikitia nanga, na anayechelewa ufukweni hununua mabaki.

Kosa hili linaniuma kuliko la soko, kwa sababu soko lingeweza kunidanganya, lakini akina mama hao nilikuwa nikiwaona kila siku.

5. Mto nao uandikwe

Kuna sehemu ya The Simpsons ya mwaka 1994 ambapo Homer anaokota rundo kubwa la sukari barabarani, analirundika nyuma ya nyumba na kulilinda usiku kucha akiota utajiri. Inanyesha mvua, sukari inayeyuka.

Budalang'i iko mahali Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria. Kuta za mto tunazo tangu miaka ya 1970 na 1980, na kila mtu wa hapa mwenye umri wa kutosha amewahi kulala shuleni au kanisani kwa sababu zilibomoka. Hata hivyo, mpango wetu wa pili, ekari mbili za tikiti maji, ulikuwa na safu ya mbegu, mbolea, dawa na usafiri, na haukuwa na safu ya mto. Safari hiyo wanunuzi tulikuwa nao, wawili wa Busia na mmoja wa Malaba. Mei 2020 mto ulivunja kingo. Tulikwenda shambani kwa mtumbwi.

Siku hizi tunapanda matikiti ili yavunwe Februari, na nusu ya ekari iko juu, kwa jamaa upande wa Samia. Mavuno ni madogo. Yanafika.

6. Bodaboda ilianza na abiria

Nimewahi kuambiwa na wanafunzi kwamba nimekuwa mtu wa kukatisha tamaa. Ndiyo maana huwa nawapeleka Busia, mpakani, kuwaonyesha biashara iliyoanza upande wa pili wa karatasi.

Kati ya vituo viwili vya mpaka, cha Kenya na cha Uganda, palikuwa na kipande cha barabara cha karibu kilomita moja. Gari halikuweza kukivuka bila makaratasi. Mama mwenye gunia la mahindi, mzee mgonjwa, mtu mwenye mtoto mgongoni na kapu kichwani, wote walilazimika kutembea. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli wakaanza kuwabeba kwenye kiti cha nyuma kutoka mpaka hadi mpaka, wakiita wateja kwa jina la Kiingereza la safari yenyewe, na jina hilo likawa bodaboda. Desturi ikahamia Malaba, kisha pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli, na leo neno lenyewe linajulikana Afrika Mashariki nzima.

Tazama mpangilio wake. Hakuna aliyekuja Busia kuwauzia vijana baiskeli kwa ahadi kwamba abiria watatokea. Abiria alikuwa pale tayari, jasho likimtoka, na gunia limemwelemea. Baiskeli nayo ilikuwa nyumbani. Mstari wa pili uliandikwa kwanza, na abiria mwenyewe, kwa miguu yake.

Nawaonyesha pia akina mama wanaovusha trei za mayai ya kuku kutoka Uganda. Katika kanuni nyepesi za biashara ndogo za Afrika Mashariki, bidhaa za kanda zisizozidi thamani ya dola 2,000 huvushwa kwa utaratibu rahisi. Mama mmoja aliwaambia wanafunzi wangu kwamba hajawahi kununua trei kabla ya kupiga simu tatu: hotelini, dukani na kwa mpika chapati. Wakijibu wawili, ananunua za wawili. Hajawahi kuandika mpango wa biashara. Alipokuja darasani nikampa chaki na kumwomba aandike hizo simu tatu ubaoni, nasi tukazinakili sote.

Ubepari wanaoucheka wachoraji wa Marekani ni ule wa kampuni kubwa na matajiri kama Bwana Burns. Ninauelewa. Lakini mama huyu naye ni mfanyabiashara, na biashara yake ni safi kama maji ya kisima. Nikisikia mtu akilaani soko lote kwa sababu ya matapeli, namfikiria yeye. Na nikisikia mtu akilisifu soko lote na kusema aliyepoteza ni mjinga, nawafikiria watu 14 waliochangishana wakidhani wamefanya utafiti.

7. Tunahitaji katuni yetu

Kenya ina kejeli nzuri ya siasa. The XYZ Show, iliyoanza 2009 kwa vikaragosi kutokana na wazo la mchoraji Gado, iliwafanya wakubwa waonekane uchi mbele ya taifa. Na uwezo wa uchoraji upo: hadithi za wanyama za Tinga Tinga Tales, zilizotazamwa nje ya nchi kuanzia 2010, zilichorwa Nairobi. Lakini sijaona katuni ya Kiswahili inayomchora yule mtu wa semina ya bure, mwenye soda, biskuti na fomu. Sijaona inayochora chama kikipiga makofi.

Ingekuwa na thamani kubwa. Mwezi Septemba 2013 serikali ilizindua Mfuko wa Uwezo, shilingi bilioni 6 za kuwakopesha vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kila kikundi kati ya shilingi 50,000 na 500,000. Ni jambo jema. Lakini pesa kama hizo zinapoingia vijijini, watu wa hatua ya kwanza hufika kabla ya watu wa hatua ya pili. Baada ya kware nimeona sungura, nimeona uyoga, nimeona miche ya ajabu, kila kimoja na mnunuzi aliyeahidiwa. Karipio la mwalimu halijazuia hata kimoja. Kijitu mwenye kofia iliyochongoka, akizungumza Kiswahili cha sokoni kwa dakika kumi na kuulizwa na bibi mmoja hatua ya pili iko wapi, angekumbukwa na kijiji chote. Wachoraji wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kazi hii inawangoja, na visa ninavyo.

8. Aliyeusoma mpango kwa sauti ana deni

Wanachama 13 walitoa shilingi 5,000 kila mmoja. Wa kumi na nne, mjane wa umri wa mama yangu, alitoa 15,000. Aliuza mtamba wake wa pekee. Alinijia kabla ya kumuuza, akaniuliza: "Mwalimu, hii karatasi uliyoandika, wewe mwenyewe unaiamini?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Nilikuwa nikisema kweli.

Hakuna aliyenidai hasara ya chama. Nilimfuata mwenyewe mwaka 2016, baada ya kuuona ule ubao wa vijitu, nikamwambia nitamrudishia kidogo kidogo. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali, akasema iwe siri. Ndiyo maana simtaji.

Nimekwisha kumlipa shilingi 11,000. Zimebaki 4,000.